Blanti: bangi ndani, tumbaku nje

Katika maduka madogo ya vituo vya mafuta nchini Marekani, nyuma ya mwenye kuuza, hupangwa vifuko vyembamba vya rangi za kuvutia. Vina picha za zabibu, embe, asali au vanila, na mgeni aliyefika jana kutoka Mombasa au Bujumbura angeweza kudhani ni peremende. Ndani ya kila kifuko kuna jani moja au mawili ya tumbaku, yasiyo na kitu ndani yake. Kinachotiwa humo mnunuzi hukitafuta mahali pengine, na mara nyingi kitu hicho ni bangi.

Bangi iliyoviringishwa katika jani hilo huitwa blanti. Jina hilo limevuka bahari pamoja na muziki na filamu, na leo linafahamika kwa vijana wa Nairobi, Dar es Salaam na Kampala kama linavyofahamika Minneapolis au London. Hata hivyo wengi wanaoitumia, na wazazi wengi wanaohangaika kuwaonya, huitazama kwa upande mmoja tu. Hubishana juu ya bangi iliyo ndani na kulisahau jani lililo nje. Hivyo kijana anayeapa kwamba hajawahi kuvuta sigara maishani mwake huenda anavuta tumbaku kila jioni bila kuihesabu.

Chimbuko la jina

Bangi yenyewe si ngeni Afrika Mashariki. Jina lake katika Kiswahili lina asili ya Bara Hindi, ishara ya biashara ya kale ya Bahari ya Hindi, na kwa vizazi vingi imevutwa katika viko vya udongo na vya maji. Baadaye ulikuja msokoto wa karatasi, ambao mpaka leo ndio njia inayojulikana zaidi katika eneo hili.

Blanti ni mtindo wa miji ya mashariki ya Marekani, hasa New York, uliopata nguvu katika miaka ya 1980. Masimulizi mengi huwataja wahamiaji kutoka visiwa vya Karibi kuwa miongoni mwa walioueneza mtindo huo katika jiji hilo. Walinunua sigaa za bei nafuu, yaani zile sigara nene zilizofungwa kwa tumbaku badala ya karatasi, wakaondoa tumbaku ya ndani na kuweka bangi mahali pake.

Sigaa iliyopendwa zaidi wakati huo ilikuwa Phillies Blunt, chapa yenye asili katika jiji la Philadelphia. Neno hilo la pili lina maana ya kitu butu, kwa sababu ncha ya sigaa hiyo haikuchongoka. Kidogo kidogo jina la bidhaa likawa jina la kitendo. Chapa nyingine kama White Owl, Dutch Masters na Swisher Sweets zilitumiwa vivyo hivyo, lakini kilichotengenezwa kwazo kiliendelea kuitwa blanti.

Muziki wa hip hop ndio ulioipeleka desturi hiyo nje ya mitaa ilikozaliwa. Mwaka 1992 msanii Redman alitoa albamu yenye wimbo uliohusu blanti, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 fulana zenye nembo ya Phillies Blunt zilivaliwa hata na watu wasiovuta chochote. Wafanyabiashara wa tumbaku nao waliona soko limebadilika. Baadaye yakaanza kuuzwa majani matupu, ili mnunuzi asihangaike tena kuipasua sigaa na kumwaga tumbaku yake.

Jani hilo ni kitu gani?

Wakulima wa Tabora na Urambo wanaijua vyema tumbaku ya mvuke, inayokaushwa kwa joto ndani ya mabani, na wale wa Ruvuma wanaijua tumbaku ya moshi. Tumbaku ya sigaa hutayarishwa kwa njia nyingine. Huanikwa ikauke taratibu kwa hewa, kisha hurundikwa na kuachwa ichachuke kwa muda mrefu. Kuchachuka huko huipa rangi nzito na harufu yake maalumu, lakini pia huongeza baadhi ya kemikali zinazosababisha saratani.

Sigaa za bei ya juu hufungwa kwa jani zima lililochaguliwa kwa uangalifu. Kamerun ni miongoni mwa nchi zilizojijengea sifa duniani kwa jani la namna hiyo. Sigaa za bei nafuu, pamoja na sehemu kubwa ya majani matupu yanayouzwa madukani, ni habari tofauti. Vumbi la tumbaku, vipande na vikonyo husagwa, huchanganywa na maji pamoja na kitu cha kugandisha, kisha hukandamizwa na kuwa kama karatasi ya rangi ya kahawia. Juu yake huongezwa sukari na vionjo. Kwa macho hufanana na jani, na kwa asili ni tumbaku, ila haikutoka shambani ikiwa na umbo hilo.

Miongoni mwa wavutaji kuna imani kwamba tabaka la ndani la sigaa ndilo lenye madhara, na wako wanaoliita karatasi ya saratani. Huliondoa kwa makini na kubakiza tabaka la nje wakiamini wamejikinga. Lakini tabaka la nje nalo ni tumbaku. Kinachopungua ni kiasi chake, wala hatari haijaondoka.

Nikotini isiyohesabiwa

Nikotini ndiyo kiini cha jambo lote. Hii ndiyo kemikali inayomfunga mvutaji wa sigara asiweze kuacha hata akitaka. Watafiti wa Marekani waliopima majani ya sigaa yanayotumiwa kwa blanti walikuta kati ya miligramu 1 na 6 za nikotini katika kila jani. Si kiasi chote kinachofika mwilini, kwa kuwa sehemu yake huungua na kupotea. Lakini kinachobaki kinatosha kumzoesha mtu, hasa kijana ambaye ubongo wake bado unakua.

Moshi wa tumbaku ya sigaa una tabia nyingine. Kwa kawaida una asili ya magadi kuliko moshi wa sigara, na kwa sababu hiyo nikotini yake hupenya kwa urahisi katika ngozi laini ya kinywa. Wazee wanaotia ugoro mdomoni wanalifahamu jambo hilo kwa uzoefu: tumbaku haihitaji kufika mapafuni ili ifanye kazi yake. Mvutaji wa blanti huipokea kwa njia zote mbili, kinywani na mapafuni, kwa sababu huuvuta moshi ndani kabisa na kuushikilia kama wafanyavyo wavuta bangi.

Matokeo yake huonekana siku mtu anapoamua kuacha. Hukosa usingizi, hukasirika bila sababu, kichwa humuuma, na akili haitulii. Kuacha bangi kunaweza kuleta dalili za namna hiyo, na kuacha nikotini pia huzileta. Asiyejua kwamba alikuwa na mazoea mawili hupigana na moja tu, na akishindwa huamini kwamba bangi imemtawala. Wapo pia wanaoacha blanti kisha, kwa mshangao wao wenyewe, wakajikuta wameanza kuvuta sigara.

Hesabu inayodanganya

Wapenzi wa blanti husema kwamba humfikisha mtu mbali kuliko msokoto wa karatasi. Uchunguzi uliofanywa New York na kuchapishwa mwaka 2009 ulilipima dai hilo kwa watu waliokuwa na uzoefu wa kuvuta bangi. Ilionekana kwamba msokoto wa karatasi uliingiza THC nyingi zaidi katika damu. Hiyo THC ndicho kiambata cha bangi kinacholewesha. Kwa upande mwingine, gesi ya kaboni monoksaidi iliyopimwa kwa wavuta blanti ilikuwa sawa na ya wavuta msokoto au kuizidi. Hiyo ndiyo gesi ya sumu inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa. Huing'oa oksijeni katika damu na kuufanya moyo ufanye kazi ya ziada.

Kuna pia suala la ukubwa. Utafiti mwingine wa New York, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba watumiaji huweka katika blanti moja bangi karibu mara moja na nusu ya ile wanayoweka katika msokoto. Na bangi yenyewe imebadilika. Katika sampuli zilizokamatwa na vyombo vya dola nchini Marekani, wastani wa THC ulipanda kutoka takriban asilimia 4 mwaka 1995 hadi takriban asilimia 12 mwaka 2014. Mzazi anayepima mambo kwa bangi aliyoijua ujanani anazungumzia kitu chepesi kuliko alichonacho mwanawe.

Moshi wa bangi peke yake una lami na kemikali nyingi zinazopatikana pia katika moshi wa tumbaku, na kuuvuta mara kwa mara huleta kikohozi kisichoisha na uvimbe wa njia za hewa. Bangi kali, hasa kwa anayeanza akiwa mdogo, imehusishwa na maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo au kuwashuku walio karibu naye. Tumbaku, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka. Blanti huyakusanya madhara hayo mahali pamoja.

Funzo la Seattle

Hatari nyingine haitoki katika jani wala katika bangi, hutoka katika namna ya kuvuta. Blanti huungua polepole, na ndiyo sababu moja inayoifanya ipendwe katika mikusanyiko. Hupita kutoka mkono hadi mkono, kutoka kinywa hadi kinywa.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 mjini Seattle, katika jimbo la Washington, maofisa wa afya walianza kuona wagonjwa wa kifua kikuu miongoni mwa vijana wahamiaji kutoka Afrika Mashariki. Kufikia Novemba 2004 walikuwa wamethibitisha wagonjwa 11 wa mlipuko huo mmoja. Uchunguzi uligundua kwamba kuvuta bangi kwa pamoja kulikuwa jambo la kawaida kwao, na kwamba walikuwa wakijifungia ndani ya magari, madirisha yakiwa juu, ili moshi usipotee. Chumba kidogo kisicho na hewa, watu wengi, na mmoja wao anakohoa: mdudu wa kifua kikuu hahitaji zaidi ya hayo.

Tukio hilo halikuhusu asili ya vijana wale. Kikundi chochote kilichojifungia namna hiyo pamoja na mgonjwa kingeambukizwa. Lakini lilionyesha jinsi vijana walio mbali na nyumbani, wanaoogopa polisi na wasiotaka wazazi wajue, wanavyochelewa kufika hospitali na kusita kuwataja waliokuwa nao. Kifua kikuu kinatibika. Kilichofanya kisambae ni moshi uliofungiwa pamoja na siri.

Sheria hutenganisha, mvutaji huunganisha

Katika nchi na majimbo yaliyohalalisha bangi kuna jambo ambalo wengi hawalitambui. Sheria zenyewe mara nyingi huiweka tumbaku mbali na bangi. California, ambako maduka ya bangi yenye leseni yalianza kuwauzia watu wazima mwaka 2018, hairuhusu maduka hayo kuuza tumbaku wala pombe. Blanti zilizokwisha kutengenezwa zinazouzwa humo hufungwa kwa majani yasiyo ya tumbaku, yakiwamo ya katani ya jamii ya bangi. Kanada, iliyohalalisha bangi Oktoba 17, 2018, nayo inakataza bidhaa za bangi kuwa na nikotini.

Kanada iliwahi kuligusa jani la blanti lenyewe. Sheria yake ya mwaka 2009 ilipiga marufuku vionjo vingi katika sigara, sigaa ndogo na majani ya blanti, kwa hoja kwamba ladha za matunda zilikuwa chambo kwa watoto. Marekani ilipitisha sheria yake mwaka huohuo, lakini marufuku ya vionjo ikaishia kwenye sigara. Sigaa na majani yake yakaachwa. Pendekezo la kuvikataza vionjo vya sigaa lilitolewa Aprili 2022 na kuondolewa Januari 2025. Baadhi ya majimbo, Massachusetts na California yakiwamo, yamejiwekea makatazo yao. Tangu Desemba 2019 hakuna ruhusa popote Marekani kumuuzia bidhaa ya tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 21, na jani la blanti ni bidhaa ya tumbaku.

Uingereza na nchi nyingi za Ulaya zina desturi yao: bangi huchanganywa na tumbaku ndani ya karatasi. Umbo ni jingine, lakini nikotini ni ileile, na kujidanganya ni kulekule.

Aliye ugenini ana la ziada

Kwa msomaji aliye nje ya nchi yake bila uraia wa nchi anayoishi, kosa la bangi linaweza kumgharimu kuliko linavyomgharimu jirani yake mzaliwa. Zaidi ya majimbo 20 ya Marekani yameiruhusu bangi kwa watu wazima, yakiwamo Washington, Minnesota na Maryland, wanakoishi Waafrika Mashariki wengi. Lakini uhamiaji si jambo la jimbo. Huendeshwa kwa sheria ya shirikisho, na sheria hiyo bado huihesabu bangi kuwa dawa inayodhibitiwa. Hata mipango iliyotangazwa ya kuihamishia katika kundi jepesi haiitoi katika orodha hiyo.

Asiye raia akitiwa hatiani kwa kosa la dawa za kulevya anaweza kuondolewa nchini. Upo mlango mmoja mwembamba: kosa moja tu, la kuwa na bangi isiyozidi gramu 30, kwa matumizi yake mwenyewe. Na hata bila kufikishwa mahakamani, mtu anaweza kukwama. Aprili 19, 2019 mamlaka ya uraia na uhamiaji ya Marekani ilieleza kwamba kutumia bangi, na hata kufanya kazi katika biashara ya bangi, kunaweza kumnyima mwombaji uraia kwa hoja ya mwenendo, ingawa jimbo lake limeiruhusu. Kwa hiyo kijana aliyeajiriwa katika duka halali la bangi, anayelipa kodi yake, anaweza kuulizwa juu ya kazi hiyo siku ya usaili wa uraia. Busara ni kumwona mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote.

Safari nazo zina mitego yake. Katika Umoja wa Falme za Kiarabu, dawa za kulevya zikikutwa katika damu au mkojo huweza kuhesabiwa kuwa ni kumiliki, na abiria anayepita kuunganisha ndege naye yumo chini ya sheria hiyo. Mabaki ya bangi hukaa mwilini siku kadhaa, na kwa anayevuta kila siku huweza kukaa wiki kadhaa. Aliyevuta kihalali Toronto akapitia Dubai akielekea Dar es Salaam hakuiacha bangi yake Toronto. Uingereza iliirudisha bangi katika daraja B Januari 2009, na kumiliki kunaweza kuleta kifungo cha hadi miaka mitano. Nyumbani, sheria ya Kenya ya mwaka 1994 na ile ya Tanzania ya mwaka 2015 zinaifanya kuwa kosa la jinai, liwe jani lake limenunuliwa dukani au la.

Kuacha mawili kwa pamoja

Wataalamu wa tiba ya uraibu hushauri kwamba swali la kwanza kwa anayevuta bangi liwe: unaifunga kwa nini? Jibu hilo hubadilisha msaada anaostahili kupewa. Aliyezoea blanti huenda akahitaji vibandiko au ubani wa nikotini, kama anavyosaidiwa mvutaji wa sigara, pamoja na ushauri nasaha kuhusu bangi. Kumtibu upande mmoja ni kumwachia mwiba mguuni na kumtaka atembee.

Swali hilo lina faida hata sebuleni. Mzazi anayeuliza kwa ukali, "Unavuta bangi?" mara nyingi huambulia kimya au uongo. Anayezungumza juu ya jani, tumbaku iliyosagwa na kutiwa ladha ya embe, nikotini isiyoandikwa mbele ya kifuko na faili ya uhamiaji iliyo ofisini, humpa kijana habari ambayo pengine hakuwa nayo. Wengi wao wamekwisha kusikia kila hoja kuhusu bangi. Kuhusu kile wanachoifungia, wachache wamewahi kuambiwa.